Insulini ya bibi si ya nguruwe: maswali na majibu kuhusu uhandisi jeni

Jumanne ni siku ya kliniki ya kisukari kwetu, na mabenchi huwa hayatoshi. Jumanne moja kijana alimleta bibi yake kwa bodaboda, kamkalisha katikati yake na dereva ili asidondoke. Tulipomtoboa kidole, mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili tu, HI, na wala si salamu: maana yake sukari imepanda kupita pale mashine inapoweza kusoma. Bibi alikuwa hajachoma insulini siku nne. Sababu hakutaka kuitaja mbele za watu, akamwachia mjukuu. Msibani kuna mtu alimwambia dawa ile hutolewa kwenye nguruwe, na yeye ni mtu wa swala tano.

Alilazwa, akapata nafuu, akarudi kwake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kwenye daftari yale ambayo watu huniuliza kuhusu jeni, GMO (viumbe na mazao yaliyobadilishwa jeni) na dawa "za kutengenezwa maabara". Mengi huulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameshaaga.

Sasa insulini ni ya nguruwe au si ya nguruwe?

Zamani ilikuwa, ya nguruwe na ya ng'ombe. Hizi tunazotoa kliniki leo hazitoki kwa mnyama yeyote.

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kuchomwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa akinyimwa chakula ili asogeze siku, basi. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata, dawa ilikamuliwa kutoka kongosho za machinjioni. Ilihitajika zaidi ya tani mbili za viungo vya nguruwe kupata takriban robo kilo ya insulini safi. Tena haikuwa sawasawa na ya kwetu. Insulini ya binadamu ni mkufu wa punje 51 ziitwazo asidi amino. Ya nguruwe inatofautiana nayo kwa punje moja, ya ng'ombe kwa punje tatu. Wengine miili yao iliikataa, wakawashwa na kuvimba pale wanapochoma.

Mwaka 1978 wanasayansi wa California walipata njia nyingine. Waliandika maagizo ya kutengeneza insulini ya binadamu kwa lugha ya DNA, uzi unaobeba maagizo ya urithi, wakayaingiza ndani ya bakteria aina ya E. coli, jamaa wa hao wanaoishi matumboni mwetu. Hata jeni yenyewe hawakuichuna kwa mtu. Waliiunganisha kwa kemia, herufi baada ya herufi. Bakteria ana kipete kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi. Unakikata kwa kimeng'enya, protini inayofanya kazi ya mkasi, unapachika jeni yako, unakifunga tena na kumrudishia mwenyewe. Bakteria hajui kwamba amepewa kazi ya ziada. Akipata chakula na joto la kumtosha hujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi, na kila mtoto anazaliwa na maagizo yaleyale. Kiwandani wanafugwa kwenye matangi makubwa ya chuma, kisha insulini inachujwa na kusafishwa mpaka asibaki bakteria hata mmoja. Marekani iliiruhusu mwaka 1982, na ikawa dawa ya kwanza ya uhandisi jeni kumfikia mgonjwa. Viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria.

Ukitaka kuhakikisha, soma boksi. Mara nyingi utakuta herufi ndogo rDNA. Ndiyo alama ya insulini ya uhandisi jeni. Masheikh wana maneno yao kuhusu dharura na dawa, na siwaingilii. Ila kwenye chupa ya bibi huyu hapakuwa na nguruwe wa kujadili. Mtu yeyote akikwambia uache insulini, hata awe nani, njoo kwanza kliniki. Siku nne zinatosha kuua.

Uhandisi jeni ni nini hasa? Nimesikia neno tu.

Karibu kila chembe ya mwili wako ina DNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Za binadamu ni kama bilioni tatu. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maagizo ya jambo moja, kwa kawaida protini fulani. Uhandisi jeni ni kwenda kwenye uzi huo kwa makusudi na kufanya mojawapo ya mambo matatu: kuongeza jeni isiyokuwepo, kuzima iliyopo, au kurekebisha herufi zilizokosewa.

Mbinu ya kukata na kuunganisha ilianza mwaka 1973 kwa Stanley Cohen na Herbert Boyer. Ilikuwa kazi ya fundi anayeshona kiraka: anaongeza kitambaa, lakini mara nyingi hachagui kitakaa wapi kwenye nguo. Mbinu mpya iitwayo CRISPR ni ya fundi anayefumua mshono mmoja tu na kuuacha uliobaki. Bakteria ndio wenye asili yake, wao huitumia kukatakata virusi vinavyowashambulia. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha mwaka 2012 jinsi ya kuielekeza mahali unapotaka, wakapata Nobel ya kemia mwaka 2020. Ina sehemu mbili: mwongozo unaotambua maneno fulani kwenye DNA, na kimeng'enya kinachokata hapohapo. Ukibadilisha mwongozo, umebadilisha mahali pa kukata. Kwa hiyo ni rahisi na ya haraka, na ndiyo maana inatisha watu.

Na chanjo? Mke wangu ana mimba na anasema hataki mtoto achomwe vitu vya GMO.

Basi nimweleze mapema, maana chanjo ya homa ya ini B hutengenezwa kwa uhandisi jeni. Imo ndani ya pentavalenti, ile anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 pamoja na kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na Hib, bakteria wa nimonia na uti wa mgongo. Jeni ya ganda la kirusi imewekwa ndani ya hamira, ndugu wa hamira hiihii ya maandazi, nayo hutengeneza maganda matupu. Mwili unaona ganda, unajifunza sura ya adui, na adui mwenyewe hayumo. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B, ya mwaka 1981, ilitengenezwa kutokana na damu ya watu walioambukizwa. Iliyochukua nafasi yake mwaka 1986 ndiyo hii ya hamira. Nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili kwa ajili ya mwanangu, sihitaji hata kukaa chini.

Huwa wanaongeza hapo: mbona ya korona ilibadilisha DNA za watu? Haikubadilisha. Chanjo za mRNA hubeba barua ya muda inayosomwa nje ya kiini cha chembe, kisha inasagwa ndani ya siku chache. Ile ya Janssen, iliyoanza kutumika Tanzania Julai 2021, ni tofauti kidogo na nisifiche: inabebwa na kirusi cha mafua kilicholemazwa, na DNA yake huingia kwenye kiini ikasomwe humo. Lakini haijishoni kwenye uzi wako. Chembe ikifa, nayo imekwenda.

Mwanangu ana sikoseli, ana miaka saba. Shemeji yangu aliye Marekani anasema huko wanaitibu kwa kubadilisha jeni. Tuuze shamba?

Shamba liacheni kwanza. Shemeji hasemi uongo, ila kuna sehemu hakuisimulia.

Selimundu, yaani hiyo sikoseli, ni kosa la herufi moja. Kwenye jeni ya beta globini, kromosomu ya 11, mahali panapotakiwa A pana T. Kwa kosa hilo inabadilika punje ya sita ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, nayo ikipungukiwa na oksijeni inashikana kama vijiti. Chembe nyekundu iliyokuwa mviringo na laini inakuwa ngumu yenye umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto anaishiwa damu kila mara na macho yanakuwa ya njano.

Sasa kumbuka alipokuwa mchanga. Akina mama wengi huniambia, "Alizaliwa mzima kabisa, ugonjwa ulianza baada ya miezi sita, vidole vikavimba." Ni kweli, na hakurogwa. Tumboni mtoto hutumia hemoglobini nyingine, ya utotoni, ambayo haina kosa lile. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima pole pole na kuwasha ya utu uzima. Ikizimika ya kwanza, kosa linajitokeza.

Watafiti wakajiuliza: vipi tukiirudisha ile ya utotoni? Kuna jeni iitwayo BCL11A inayofanya kazi kama swichi ya kuizima. Wanachukua chembe mama za damu za mgonjwa, wanatumia CRISPR kukata sehemu ya swichi hiyo, wanamrudishia. Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo Marekani, huko Nashville, mwaka 2019. Maumivu makali yaliyokuwa yakimlaza hospitali mara kwa mara yalikoma. Dawa hiyo, Casgevy, iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali.

Sehemu ambayo shemeji hakusimulia ni hii. Kukusanya chembe kwenyewe kunaweza kurudiwa zaidi ya mara moja. Maandalizi ya maabara huchukua miezi. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uloto wake wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele zinanyonyoka, mdomo unachubuka, kinga inashuka hadi chini, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Anakaa wodini wiki nne hadi sita. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania, bila kuhesabu kitanda. Hakuna shamba la ukoo linalofika huko. Kisha umri wa mwanao bado.

Lakini usiondoke hivyohivyo, kwa sababu kitu kinachopigania hemoglobini ya utotoni kinapatikana hapa kwetu, kwenye kopo la vidonge. Haidroksiurea, dawa ya miaka mingi, nayo huongeza hemoglobini hiyohiyo. Haifiki mbali kama kukata jeni, wala haiponyi, lakini inafanya kazi. Utafiti mkubwa uitwao REACH uliwapa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Mtoto anahitaji kupimwa damu kila baada ya muda akiwa anaitumia. Muulize daktari wake moja kwa moja kwa jina: "Je, mwanangu anafaa kupewa haidroksiurea?" Usingoje atajiwe.

Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hapo jeni haikatwi. Mtoto hupewa uloto wa ndugu unaolingana na wake. Si wote wana ndugu wa kulingana, lakini ni njia iliyo nchini, nayo inaponya.

Mengine mnayajua ila nayarudia: chandarua kila usiku, maji ya kutosha, foliki, chanjo zote, penisilini kwa walio chini ya miaka mitano. Homa ya nyuzi 38 si ya kungoja asubuhi. Vilevile kifua kuuma au kuhema, bandama kuvimba ghafla huku mtoto akipauka, mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande: hospitali, saa hiyohiyo.

Kwa nini ugonjwa huu umejaa kwetu? Ni laana?

Ni mbu. Mwenye jeni moja tu ya selimundu, yaani AS, haugui selimundu, na malaria ikimpata ni nadra kuwa kali kama inavyokuwa kwa mwenye AA, asiye na jeni hiyo kabisa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Alikuta jeni hiyo imetapakaa pale malaria ilipotapakaa, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Babu wa babu yako pengine alinusurika utotoni kwa sababu hiyo. Deni linalipwa na mjukuu aliyerithi mbili.

Mimi AS, mchumba wangu AS. Mahari imeshatolewa.

Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, yaani mgonjwa aliyerithi jeni mbili, mbili kati ya nne AS, na moja kati ya nne AA. Nasema kila mimba. Mtu mwenye mtoto mmoja SS asijipe moyo kwamba watatu wanaofuata wamesalimika. Karata huchanganywa upya kila mara. Sitakwambia uvunje uchumba, wala sitakwambia uoe. Nitakwambia mkae wote wawili na mshauri, mkiwa na majibu ya kipimo mkononi, na msimwachie mama mkwe aamue peke yake.

Na la ziada ambalo watu hawalitarajii: hata aliyeponywa kwa CRISPR huko Marekani, mbegu zake za uzazi hazijaguswa. Bado anaweza kumrithisha mtoto jeni ileile.

Kuku wa broila na mahindi chotara ni GMO?

Hapana, wote wawili. Nikipewa shilingi mia kila ninapojibu hili, ningekuwa nimenunua pikipiki.

Broila anakua wiki sita kwa sababu ya kuchagua wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi kwa makumi ya miaka, pamoja na chakula kilichopimwa. Hakuna jeni iliyopachikwa. Mbegu chotara nayo ni ndoa ya mistari miwili ya mahindi: mtoto anazaliwa na nguvu kuliko wazazi. Ukirudia kupanda punje zake msimu unaofuata, nguvu ile inatawanyika na shamba linatoka mchanganyiko, warefu kwa wafupi. Watu wakiona hivyo wanasema "mbegu imefungwa maabara". Haikufungwa, ndivyo urithi ulivyo, hata kwa watu. Tikiti lisilo na mbegu? Hapana pia. Nyanya kubwa ngumu ya sokoni? Hapana.

GMO wa kweli kwenye shamba la Afrika Mashariki ni wachache. Kenya iliruhusu pamba ya Bt, iliyopewa jeni ya kuua viwavi, Desemba 2019, na wakulima wakaanza kuipanda mwaka 2020. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe huko ikaidhinisha muhogo unaostahimili michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoacha majani mabichi juu na mzizi ukiwa umeoza chini, mkulima asijue mpaka siku ya kung'oa. Uganda, watafiti wa Kawanda wamefanya majaribio ya ndizi zilizopewa jeni ya pilipili hoho ili zishinde mnyauko wa bakteria, lakini sheria ya kuziruhusu imekwama kwa miaka. Tanzania ilijaribu mahindi pale Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, na Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimamishwe. Kwa hiyo ukiwa Tanga unakula ugali na unahofia GMO ya shambani kwako, unahofia kitu ambacho muuza pembejeo wako hana.

Ukila GMO unapata saratani?

Hofu hii ina siku yake ya kuzaliwa. Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa walichapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa waliolishwa mahindi ya GMO. Picha zilizunguka dunia. Novemba mwaka huo Kenya ikapiga marufuku kuingiza GMO. Mwaka mmoja baadaye jarida lililochapisha kazi hiyo likaiondoa: panya walikuwa wachache kwa kila kundi, na ni wa aina ambayo wakizeeka hupata uvimbe hata ukiwalisha nini. Waandishi waliichapisha tena kwingine mwaka 2014, na wanasayansi wengi hawakuikubali. Kenya iliondoa marufuku yake Oktoba 2022, kisha mambo yakahamia mahakamani.

Chukua mahindi ya Bt uone yanavyofanya kazi. Jeni yake imetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima wamekuwa wakimpulizia kama dawa kwa miongo mingi, hata wale wa kilimo hai. Bakteria huyo hutengeneza protini. Kiwavi akiila, tumbo lake lisilo na asidi linaifungua, inajishika kwenye ukuta wa utumbo penye kitasa chake, inatoboa matundu, kiwavi anaacha kula na kufa. Tumbo lako lina asidi inayoivunja, na ukuta wa utumbo wako hauna kitasa hicho. Chumvi humuua konokono. Wewe unaitia kwenye mchuzi.

Hilo halimaanishi kila GMO ni salama kwa kuwa moja ni salama. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani iliweka jeni ya njugu za Brazili kwenye soya ili kuiongezea lishe. Vipimo vikaonyesha wenye mzio wa njugu hizo wangedhurika na soya hiyo pia. Ikaachwa kabla haijafika sokoni. Kwa hiyo swali la "GMO ni nzuri au mbaya" halina jibu, sawa na kuuliza kama sindano ni nzuri. Uliza imewekwa jeni gani, imetoka wapi, imepimwa na nani.

Maswali yangu mimi yako kwingine. Mazao mengi ya GMO duniani yalitengenezwa ili yavumilie dawa ya magugu, na dawa inayopuliziwa ina mjadala wake tofauti na jeni. Kisha, nani ana haki ya mbegu, na msimu wa tatu mkulima ataipata kwa bei gani? Na wadudu hawalali. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt miaka ya 1990. Kufikia 2007 funza wa mabua walioizoea sumu walisharipotiwa. Dawa yake ni kuacha sehemu ya shamba bila Bt, wadudu wasiozoea wapate pa kuzaliana na kuoana na waliozoea. Mwambie mwenye ekari moja aache sehemu iliwe na funza, uone atakavyokutazama.

Si wataanza kutengeneza watoto wa kuchagua?

Alishajaribu mmoja. He Jiankui, China, mwaka 2018, alibadilisha jeni za viinitete, yaani mimba changa kabisa zikiwa maabara, na wakazaliwa mapacha, kwa madai ya kuwakinga na VVU. Wanasayansi wenzake walimlaani, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tofauti iko hapa: ukibadilisha chembe za damu za mtu mzima, unaishia kwake. Ukibadilisha kiinitete, unaandika kwa wajukuu ambao hawakuulizwa.

Na hata kwa mtu mmoja si mchezo. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki Philadelphia kwenye jaribio la tiba ya jeni. Kinga yake ilikikataa vikali kirusi kilichotumika kubeba jeni, na tiba hizi zikarudi nyuma kwa miaka. Jijini humohumo, mwaka 2025, ilitangazwa kwamba mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini ametibiwa kwa dawa ya kurekebisha herufi iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ndani ya miezi sita. Nilisoma habari ile usiku nikiwa zamu, kwenye wodi ambayo haidroksiurea ilikuwa imeisha tangu Ijumaa.

Tumemwelewesha bibi, amekubali kuchoma. Ila hatuna friji, na umeme wenyewe ndio huu.

Ambayo haijafunguliwa ni bora ikae kwenye friji. Mwombe jirani au duka la dawa wakuwekee, na isiwekwe karibu na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi, mradi isipate joto kali. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kwa joto letu la pwani tumia vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Kati yao jaza mchanga, umwagie maji asubuhi na jioni. Insulini iweke kwenye kikopo chenye kifuniko, kikopo ndani ya chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Si juu ya kabati la jikoni, si dirishani. Kabla ya kuvuta dawa aitazame: ile nyeupe ya maziwa aizungushe viganjani taratibu mpaka ichanganyike, asiitikise, ile angavu ikiwa na ukungu au vipande, aitupe. Na kwa kuwa macho ya bibi hayaoni tena vizuri mistari ya bomba la sindano, mjukuu ndiye avute, bibi ajichome mwenyewe. Ndivyo walivyokubaliana, na Jumanne iliyopita mashine ilitoa namba.